Maji ya Mkwe

Asitokee mtu akaniambia kwamba meli ina kelele. Nimelala miaka kumi na mitatu juu ya injini zinazonguruma, kwenye kitanda cha ubao chenye godoro jembamba kuliko blanketi, na sijapata usingizi kama ule tena maishani. Wenye kelele ni watu wa nchi kavu. Niliwahi kumwambia mke wangu maneno haya haya, kwa majivuno, nikiwa likizo, naye akaendelea kuchambua mchicha. Nikadhani ameafiki.

Nilizaliwa upande wa Shinyanga, kwenye mbuga ambayo kiangazi maji hayatafutwi mtoni bali chini ya mto. Mto ukishakauka, wanawake huchimba mchanga mpaka shimo lifike kiunoni, halafu mmoja anashuka na kata na kusubiri maji yajikusanye. Kata moja, unasubiri, kata nyingine. Ndiyo maana kwetu mgeni hapewi chakula kwanza, hupewa maji. Na maji hayo yana utaratibu wake. Mgeni akifika mnasalimiana. Unamuuliza habari za nyumbani, anajibu salama. Unamuuliza mama, watoto, ng'ombe, mvua, naye anajibu salama, salama, hata kama amekuja kukwambia kwamba nyumba imeteketea. Kisha anapewa maji. Anakaa, anakunywa, anarudisha chombo mkononi mwa aliyempa. Ndipo anasafisha koo na kusema kilichomleta. Habari nzito haisemwi kwa mtu aliyesimama, na wala hairushwi kwa mbali. Anayetaka kuisikia sharti aketi na aliyeileta.

Haya nilikua nayo kabla sijajua kuandika jina langu. Nayaweka hapa mwanzoni ili msomaji asije akanihurumia huko mbele akidhani sikujua.

Miaka ya sitini familia nyingi za kwetu zilihamia magharibi, upande wa Geita, kufuata malisho na mashamba ya pamba. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Nilihama na mama na ng'ombe wachache, nikapata kazi mgodini, chini ya ardhi, kusukuma vigari vya mawe. Mgodi ulipofungwa wenzangu walilia, mimi nikashukuru kimoyomoyo, kwa sababu kule chini nilikuwa siachi kuangalia juu. Nilioa binti wa mzee mmoja aliyekuwa ametangulia kuhama kutoka kwetu kule kule, mtu wa maneno machache, mwenye ng'ombe na heshima zake. Tukapata mtoto wa kike. Halafu nikaenda Mwanza kutafuta kazi.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya meli. Serahangi, yaani msimamizi wetu wa deki, alikuwa Mkerewe mfupi mwenye mabega mapana, aliyezaliwa akisikia mawimbi. Aliniangalia juu mpaka chini.

"We Msukuma, unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Vizuri. Asiyejua kuogelea hatoroki kazini."

Jina langu ndani ya meli likawa Msukuma. Siku ya kwanza nilitapika mpaka nikadhani utumbo unatoka. Siku ya tatu nilikuwa napiga deki huku nikiimba. Walinicheka wote, mpishi, mafundi wa injini, hata nahodha, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mtu wa ng'ombe na maji ya ziwa, walisema, wapi na wapi.

Nitajaribu kueleza nilichokipata mle, ingawa sasa nikikieleza nasikia aibu. Asubuhi kabla jua halijachomoza tunapiga deki, maji yanatiririka kwenye mbao hadi kwenye matundu ya pembeni, ukoga na mavumbi ya pamba vinaondoka, na ukigeuka nyuma unaona mahali ulipopita pameng'aa. Kisha chai ya rangi na viazi vitamu. Kisha kamba. Nilizipenda kamba kuliko kitu chochote. Kamba ya meli ni nene kama mkono wa mtu mzima, ina harufu ya lami, na ina namna yake ya kukunjwa, duara juu ya duara, mpaka inatulia chini kama ng'ombe aliyelala. Mchana tukiwa katikati ya ziwa, pwani zote mbili hazionekani, hakuna mtu anayeweza kuja kukuita. Hilo ndilo lilikuwa tamu. Hakuna balozi wa nyumba kumi kukutaka mkutanoni, hakuna mjomba mwenye kesi ya mahari, hakuna mama wa kulalamika kwamba ng'ombe mwekundu anachechemea. Serahangi anasema vuta, unavuta. Anasema achia, unaachia. Kazi ikiisha imeisha.

Nilitoka kwenye nchi ambako maji yalisubiriwa kata kwa kata, nikajikuta nayaona hadi upeo wa macho, na roho yangu ikatulia. Sisemi uongo. Nilipata amani, na amani hiyo niliilinda kwa wivu.

Nyumbani nilikuwa nakwenda likizo, na mara nyingine kati ya likizo, meli ikitia nanga Nyamirembe na ruhusa ikipatikana. Siku za mwanzo sikukosa. Baadaye nikaanza kukosa. Ilipofika katikati ya miaka ya sabini, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, mke wangu alibomoa nyumba yetu mwenyewe, akabeba nguzo na milango kwenye mkokoteni wa baba yake, akaanza upya kwenye kiwanja alichopewa. Mimi nilikuja siku mbili. Siku ya kwanza kila mtu alikuwa anabishana kuhusu mipaka. Siku ya pili kuta zilikuwa zimesimama bila paa, mvua zimekaribia, mama analia, mtoto ana kikohozi, na mke wangu ananiuliza nyasi za kuezekea nitazikata lini. Nikamwambia nitarudi safari ijayo nije kuezeka. Nikaondoka asubuhi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu saa zilizobaki nipande ngazi ya meli.

Safari iliyofuata sikwenda. Iliyofuata tena sikwenda. Nilijiambia kazi ni nyingi.

Basi siku moja tulikuwa Nyamirembe, tunapakia marobota ya pamba. Yalikuwa yanaletwa na malori kutoka vijijini na makuli wanayashusha gatini. Ilikuwa alasiri, na jua lilikuwa kali. Shehena imekwisha, honi ya kwanza imepigwa, mimi niko nyuma ya meli na kamba zangu. Serahangi akanijia.

"Msukuma, kuna mzee pale chini anakuulizia. Anasema ni mkweo."

Nikachungulia. Kweli, baba mkwe wangu alikuwa amesimama gatini, kofia mkononi, fimbo kwapani, mavumbi ya lori mpaka kwenye nyusi. Nilishtuka. Mkwe wangu hakuwa mtu wa kusafiri. Kwa mkwe mzima kupanda juu ya marobota ya pamba kutwa nzima kumfuata mkwewe, mtu yeyote wa kwetu angejua kuna jambo.

"Nusu saa bado," serahangi akasema. "Shuka umsalimie mzee."

Mimi nilijua amefuata nini. Niliapa moyoni kwamba najua. Amekuja kwa ajili ya paa. Binti yake ananyeshewa, mume yuko ziwani anapaka rangi vyuma vya watu, na mzee amekuja kunikalisha chini anitie aibu kwa upole wake ule, upole unaochoma kuliko matusi. Nikishuka, nitaondoka naye. Nikiondoka naye, nitakata nyasi, nitapanda juu ya kuta, nitasikia kesi za mipaka, na meli itaondoka bila mimi. Hayo yote yalipita kichwani kwa muda wa kufunga na kufungua macho.

Sikushuka.

Mkwe kwetu husalimiwa ukiwa umechutama, macho chini. Mimi nilimsalimu nikiwa juu yake, nimeshika chuma cha ukingo wa meli.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanawane."

"Mhola kaya?"

"Mhola duhu."

Tulisalimiana za mchana, akaniita mwanangu. Nyumbani salama? Salama tu. Nikamuuliza mama yangu, akasema salama. Nikamuuliza binti yake, salama. Nikamuuliza mjukuu wake, salama. Alijibu yote kama inavyopasa mtu mwenye adabu zake, bila kubadili sauti. Na mimi, mtoto wa Shinyanga, niliyezaliwa na kulelewa ndani ya utaratibu ule, nikayachukua majibu yale nikayafanya ndiyo habari yenyewe. Ni salama. Mzee mwenyewe kasema.

Kisha akauliza, "Maji ya kunywa yapo huko, baba?"

Hata sasa swali lile nalikumbuka neno kwa neno. Alikuwa ananisaidia. Alikuwa ananifungulia mlango niingie. Nilikwenda kwenye tangi la maji ya kunywa, nikajaza kikombe changu cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilichopigwa namba yangu chini. Nikakiweka mkononi mwa kuli aliyekuwa anashuka ngazi. "Mpe yule mzee."

Alikipokea kwa mikono miwili. Hakunywa akiwa amesimama. Aliangalia huku na huku, akaona robota moja lililopasuka ambalo lilikuwa limeachwa, akaketi juu yake, akanywa taratibu mpaka mwisho. Kisha akakiweka kikombe juu ya goti na kuningoja. Mwenye maji atakuja kupokea chombo chake, na akija ataketi, na akiketi ataambiwa. Ndivyo ilivyo. Hakuita. Mkwe haiti.

Nami nilikuwa nakunja kamba iliyokwisha kukunjwa. Nikaikunjua, nikaikunja upya.

Serahangi alipita mara ya pili, akaniangalia, akaenda zake mbele. Honi ya mwisho ikapigwa. Nikaachia kamba ya nyuma, kuli akaitoa kwenye nguzo, ikaanguka majini, nikaivuta. Mzee aliinuka nusu, halafu akakaa tena. Nadhani hakuamini kwamba mtu anaweza kumpa mwenzake maji kisha akaondoka.

"Nitashuka safari ijayo, baba!" nilipiga kelele.

Akainua mkono ulioshika kikombe.

Na sasa niseme jambo baya kuliko yote. Alasiri ile ilikuwa nzuri. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Mpishi alikaanga sato, tukala nyuma ya meli tumekaa juu ya kamba, mafundi wawili wakabishana kuhusu mpira, na mimi nikacheka kama mtu aliyepona ugonjwa. Nilijiona nimeponyoka. Katika miaka yote niliyokaa mle ndani, nikiulizwa ni saa gani nilikuwa na amani kamili, ni zile. Nimejaribu kuzifuta, hazifutiki, na bado ninazikumbuka kwa ladha ya yule samaki.

Siku tisa baadaye tulirudi Nyamirembe. Kuli yule yule alinipokelea kamba.

"Mzee wako alikaa pale mpaka jioni," alisema. "Tukamuuliza, mzee unangoja nini, meli imekwenda. Akasema amekuja kumchukua mkwewe. Mjukuu wake ana surua, yuko hospitali Geita, na mama yake amesema baba aje."

Nilishuka bila kuomba ruhusa. Serahangi aliniona nikishuka na hakuniita. Nikapata lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, nikalala njiani kwa watu nisiowajua, kesho yake mchana nikafika Geita hospitali. Muuguzi alifungua daftari, akapitisha kidole, akaniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia. Akalifunga daftari polepole, akasema, "Nenda nyumbani, baba."

Nilifika kijijini jua likielekea kuzama. Nyumba ilikuwa imeezekwa. Nyasi bado zilikuwa mpya, zimekatwa sawasawa, kazi ya mtu anayejua. Baba mkwe alikuwa ameezeka mwenyewe. Mama yangu aliniona akaingia ndani. Mke wangu alitoka, kanga nyeusi kichwani, akapiga goti kidogo kama kawaida yetu, akanisalimu. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema salama. Nikamuuliza za mtoto. Akasema salama, akaingia ndani.

Alirudi na maji. Alikuwa ameyaleta kwenye kikombe changu cha meli.

Niliketi chini, kwenye vumbi la uwanja. Nilikunywa. Nikamrudishia chombo, naye akakipokea kwa mikono miwili, akaketi mbele yangu, akasafisha koo.

"Alifariki siku ya tatu tangu baba arudi kutoka Nyamirembe," alisema. "Tumemzika kwa baba, karibu na kaburi la mama yake mkubwa. Watu walikuja. Paa baba ameezeka."

Siku ya tatu. Nikazihesabu hapo hapo mbele yake, sikuweza kujizuia. Mzee alifika nyumbani kesho yake. Ningeshuka ile nusu saa, ningepanda naye lori lile lile, na ningekaa na mtoto wangu siku mbili nzima na kipande cha ya tatu.

"Aliniulizia?" nikasema.

Mke wangu aliangalia kikombe. Kabla ya siku ile alikuwa ananiita kwa jina la binti yetu, Baba wa fulani, kama wanawake wote wanavyowaita waume zao. Sasa hakuwa na jina la kuniitia.

"Umeshakunywa maji, baba," alisema. "Habari ni hizo."

Akainuka.

Kwa baba mkwe nilikwenda kesho yake. Nilichutama mbali, macho chini, mpaka miguu ikafa ganzi. Mzee alinisalimu vizuri, akaniuliza safari, akaniuliza meli. Hakutaja gati. Mpaka anafariki, miaka kadhaa baadaye, hakutaja gati hata mara moja. Angenichapa ile fimbo ningemshukuru. Mtu akikuchapa mnakuwa mmemalizana.

Mtu angetegemea niseme kwamba niliacha meli. Sikuacha. Baada ya matanga nilirudi, na nahodha akanipokea kwa onyo tu, na nikafanya kazi miaka mingine saba. Nilirudi kwa sababu nilidhani kule ndiko nilikoiacha ile amani, nikidhani bado iko pale pale chini ya kamba. Haikuwepo. Deki niliipiga, chai niliinywa, kamba nilizikunja duara juu ya duara. Lakini kila tulipokaribia gati lolote nilikuwa naangalia kwanza kama kuna mtu ameketi juu ya kitu, anangoja. Injini ambazo zilikuwa zinanilaza zikaanza kuniamsha. Serahangi, aliyekuwa amezeeka, aliniambia siku moja, "Msukuma, siku ile ningekusukuma kwenye ngazi mwenyewe." Nikamwambia huna kosa lolote, mimi ndiye niliyeshika ukingo. Akatikisa kichwa, hakuonekana kuamini.

Niliacha kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini, uti wa mgongo ulipokataa kamba. Tangu hapo niko nyumbani. Tulipata watoto wengine wawili, wote wazima, na mke wangu ni mtu mwema kwangu, asitafute mtu ubaya wake hapa. Ananipikia, ananichekea, tunalima pamoja, ananitania kwamba natembea kwa kuyumba kama niko juu ya maji. Nyumba yetu ina utulivu ambao majirani wanatusifia. Mgeni akija mimi ndiye ninayekimbilia maji, hata kama mwenyewe amesema hana kiu, na nakaa karibu naye mpaka aseme neno la mwisho. Watoto wananicheka kwa hilo.

Kuna jambo moja tu silijui. Siku zile mbili na nusu, pale hospitali, mtoto alisema nini. Alikuwa na miaka saba, alikuwa msemaji, na surua haimnyang'anyi mtoto ulimi. Lazima alisema kitu. Kama aliniulizia, aliambiwa nini? Kwamba baba anakuja? Anayejua ni mmoja tu aliye hai.

Kwa hiyo mara moja moja, alasiri, mke wangu akiwa ameketi uwanjani anachambua karanga, nachukua kile kikombe. Ukingo wa buluu umebanduka, namba yangu bado inasomeka. Nakijaza maji ya mtungini, ya baridi. Namletea, nampa kwa mikono miwili, kisha nachutama chini yake, macho chini, kama inavyompasa mtu anayesubiri habari.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Salama."

Anakunywa taratibu mpaka mwisho. Mimi sisogei. Naye anajua kabisa ninangoja nini, kwa sababu yeye pia ni mtoto wa kwetu. Anakitikisa kikombe tone la mwisho litoke, na wala hanirudishii mkononi. Anainuka, anakwenda kukifunika mwenyewe kwenye kichanja cha vyombo.

"Wabeja, baba," ananiambia, asante, na anarudi kwenye karanga zake.